Choo Kipo, Ila Usimame: Kisa cha Faini ya Leidseplein

Usiku mmoja wa mwaka 2015, katikati ya jiji la Amsterdam, dada mmoja wa miaka ishirini na ushei alibanwa na mkojo. Alikuwa anatoka matembezini na marafiki zake, baa za Leidseplein zimeshafungwa, nyumbani bado mbali. Akafanya kile ambacho yeyote aliyewahi kubanwa anakijua: akatafuta kona, akawaomba wenzake wamwangalizie njia, akachuchumaa. Askari watatu wakamkuta hapo hapo. Akaandikiwa faini ya kujisaidia hadharani.

Mpaka hapo hakuna jambo la kuandikia. Leidseplein ni uwanja wa starehe, umezungukwa na baa, majumba ya michezo ya kuigiza na kumbi za muziki, na tabia ya watu kukojoa ovyo barabarani Waholanzi wameipa hata jina lake na kifungu chake katika sheria ndogo za miji. Wengi wakikamatwa hulipa, wanaona aibu, yanaisha. Huyu alikataa. Hakukana kwamba alichuchumaa. Alichouliza ni kwamba, kama si pale, angekwenda wapi? Choo cha karibu ambacho mwanamke angeweza kukitumia saa ile kilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita mbili.

Shauri likasikilizwa Septemba 2017. Hakimu akamkuta na hatia, akatakiwa kulipa euro 90. Na juu ya swali lake la angekwenda wapi, hakimu akasema angeweza kutumia vibanda vya kukojolea vya wanaume vilivyo mitaani. Huenda isingekuwa jambo la kupendeza, alisema, lakini linawezekana.

Sentensi hiyo moja ndiyo iliyowasha moto. Ndani ya siku chache wanawake wa Uholanzi walikuwa wanajipiga picha wakiwa wamejikunja ndani ya vibanda hivyo kwa mikao ya sarakasi, mguu huku, mkono kule, na kuzituma mtandaoni ili hakimu ajionee mwenyewe maana ya "linawezekana". Dunia ikacheka. Nami nilicheka. Lakini kisa hiki kina mengi kuliko kichekesho chake, na nataka nikifungue taratibu.

Tuanze na kibanda chenyewe, maana asiyekiona hawezi kuelewa kwa nini watu walikasirika. Amsterdam wanakiita krul, yaani kitu kilichojikunja kama msokoto wa nywele, na ukikitazama kutoka juu ndivyo kilivyo: bati zito la chuma lililopakwa rangi ya kijani, limezungushwa kama kombe la konokono. Hakina mlango. Unaingia kwa kuufuata mzunguko, hatua mbili tatu, unakuta ukuta mbele yako na pa kukojolea. Hakina pa kukalia, hakina kitasa, hakina ndoano ya kutundika mkoba, hakina karatasi wala bomba la kunawia. Sehemu ya chini iko wazi au imetobolewa matundu, kiasi kwamba mpita njia anaona miguu ya aliye ndani. Umbo hilo lina zaidi ya miaka mia moja, na kwa kazi lililotengenezewa ni umbo zuri kabisa: mwanamume anaingia, anasimama, bati linamsitiri kuanzia magoti hadi mabega, anatoka. Hakuna cha kuvunjika, hakuna cha kuibiwa.

Sasa mwingize humo mwanamke aliyevaa suruali ya jinzi usiku wa baridi. Ashushe suruali mpaka magotini katika mahali penye uwazi usawa wa miguu. Achuchumae, na kwa kuchuchumaa mwili wake wote unashuka mpaka pale pale ambapo bati limeishia. Kile kinachomsitiri aliyesimama ndicho kinachomwanika aliyechuchumaa. Mkoba auweke wapi? Sakafu imelowa mikojo ya wengine. Na mzunguko ule usio na mlango una njia moja tu ya kuingia na kutoka, kwa hiyo mwanamume wa pili akiingia kwa haraka zake, mwanamke amenaswa humo na suruali iko chini. Askari aliyemwandikia faini angekuta tendo lile lile, tofauti ni kwamba sasa lingekuwa ndani ya konokono la chuma.

Mimi lakini sitaki kumgeuza hakimu yule kuwa mkorofi wa hadithi. Alifanya alichokuwa na uwezo nacho. Sheria ndogo inakataza kujisaidia hadharani, haisemi "isipokuwa kwa wasio na choo". Hakimu akitazama mbele yake anaona jiji limeweka vyoo vya umma kadhaa katikati ya mji. Vyoo vipo. Aliyehesabu hakuandika pembeni kwamba ni vya waliosimama. Kwa hiyo kosa la kisa hiki lilifanyika zamani sana kabla ya mahakama, siku ile ambayo kibanda cha nusu ya watu kilipoingizwa kwenye daftari kwa jina la choo cha umma, na hakuna aliyeshtuka.

Hesabu iliyotajwa wakati ule ilikuwa hii: vibanda vya kusimama 35, vyoo vinavyoweza kutumiwa na wanawake 3. Ukiisoma haraka unaweza kudhani kuna mzee fulani wa mipango miji aliyewachukia wanawake. Hapana. Ukitaka kujua ilivyokuwa, fuata mkojo.

Jiji lolote lenye baa lina wanaume wanaokojolea kuta, milango ya maduka na, kwa Amsterdam, mifereji. Kuta zinanuka, matofali yanaoza, wenye maduka wanalalamika kwa diwani. Diwani anatafuta dawa ya bei nafuu ya kero hiyo, na dawa ni kibanda: hakihitaji mlango, taa, mhudumu wala ukaguzi wa kila saa. Kero ikizidi mwishoni mwa wiki, wanaleta na vya plastiki vya kuhamishika, watu wanne kwa mara moja, kila mmoja na upande wake. Katika miji kadhaa ya Uholanzi vipo hata vinavyozama ardhini mchana na kuinuka usiku, ili watalii wasivione. Uhandisi mzuri, fedha nyingi, na wote umeelekezwa kwa yule anayechafua.

Mwanamke katika hesabu hiyo haonekani kwa sababu hachafui. Anabana. Anakataa bia ya pili, anaondoka mapema, anakwenda mkahawani kununua kahawa asiyoitaka ili apewe ufunguo wa choo, anafika nyumbani anakimbia ngazi. Ukuta wake ni mkavu, kwa hiyo hakuna malalamiko, kwa hiyo hakuna bajeti. Na wachache wakishindwa kubana wakakamatwa, uchache wao mahakamani unakuwa ushahidi kwamba wanawake hawana shida hiyo. Aliyevumilia ndiye aliyekosa. Aliyefanya fujo ndiye aliyejengewa.

Kwetu hilo si geni. Nani hajaona kuta za Kariakoo zilizoandikwa kwa rangi nyekundu "Usikojoe hapa, faini 50,000/="? Tangazo lile halimsemeshi mama. Au tuchukue safari ya basi la mkoani, zile za enzi ambazo kuchimba dawa kulikuwa sehemu ya ratiba kabla mamlaka hazijapiga marufuku. Nimesafiri hivyo kwenda Mbeya zaidi ya mara moja. Basi linasimama mahali peupe, kondakta anapiga kelele "wa kuchimba dawa, dakika tano!" Wanaume wanashuka, wanapiga hatua tatu, wanalipa basi mgongo, wameshamaliza kabla vumbi halijatulia. Wanawake wanavuka upande wa pili, wanakwenda mbali mpaka penye kichaka, wawili wanashika kanga kama pazia, mmoja anamaliza, wanabadilishana. Dereva anapiga honi. Mama mmoja mtu mzima anarudi akikimbia, kiatu kimoja mkononi, na kondakta anamwambia, "Mama, unatuchelewesha." Dakika tano zilipimwa kwa miguu ya aliyesimama kando ya tairi. Hakuna aliyekaa ofisini akaamua hivyo, na ndiyo maana hakuna wa kumlaumu.

Nirudi Amsterdam, kwenye hoja ambayo huwa inaletwa na watu waungwana: basi jiji lijenge idadi sawa, mambo yaishe. Hii inaonekana haki, nami niliiamini kwa muda mrefu, mpaka nilipoona hesabu ya foleni. Mwaka huo huo wa 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, jirani tu kule Ubelgiji, walikokotoa foleni za vyoo kwenye mikusanyiko kama matamasha ya muziki. Walipowapa wanaume na wanawake eneo la ukubwa ule ule, mwanamke alisubiri kwa wastani wa zaidi ya dakika 6, mwanamume sekunde 11. Sababu ni mbili na hazina siri. Pa kukojolea kwa kusimama panachukua nafasi ndogo, kwa hiyo katika mita za mraba zile zile wanaume wanaingia wengi kwa mara moja. Halafu mwanamke mmoja mmoja anachukua muda zaidi: kuna mlango wa kufunga, nguo za kushusha na kupandisha, na mara nyingi kuna mtoto, mimba au hedhi ndani ya hesabu hiyo.

Kwa hiyo mchoraji wa ramani anayegawa vyumba viwili vilivyolingana, kimoja "WANAUME" kingine "WANAWAKE", akaweka mstari katikati na kujisikia amefanya haki, amechora foleni. Utaiona kwenye ukumbi wa harusi, uwanja wa mpira, stendi: upande mmoja watu wanaingia na kutoka kama nyuki, upande wa pili msururu umefika nje na bibi harusi mtarajiwa anaombwa radhi apite mbele. Tumezoea kuuliza kwa nini wanawake wanachelewa chooni. Ni swali lililoelekezwa kwa watu wasiohusika.

Jiji la New York liliwahi kulijibu kwa sheria: tangu 2005, kumbi mpya za starehe na mikusanyiko ziwe na vyoo viwili vya wanawake kwa kila kimoja cha wanaume. Na ukidhani hili ni tatizo la walevi wa usiku tu, kumbuka kwamba wabunge wanawake katika Baraza la Wawakilishi la Marekani walipata choo karibu na ukumbi wao wa vikao mwaka 2011. Kabla ya hapo walikuwa wanatembea mbali huku muda wa kupiga kura unahesabika, na wenzao wanaume wana chao jirani. Kwa watu wanaopitisha bajeti ya taifa zima, hilo si jambo dogo.

Watafiti wale wa Ghent walijaribu pia mpango mwingine: ondoa ukuta wa katikati, vyumba vyote viwe vya yeyote. Kusubiri kwa mwanamke kukashuka chini ya dakika moja na nusu, na mwanamume akaongezewa muda kidogo tu. Kwenye karatasi ni dawa tosha. Hapa najua wasomaji wengi wa Unguja, Lamu au hata Tabora wameshakunja uso, na sitawaambia wamepitwa na wakati. Stara ina uzito wake. Lakini angalia vizuri kinachotisha katika choo cha pamoja: ni vile vyumba vyenye kuta za mbao zisizofika chini wala juu, mlango wenye pengo la vidole viwili, na korido ya giza mnamopishana. Choo cha nyumbani hutumiwa na baba, mama, shangazi na mgeni, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa mlango unafika sakafuni na ukifunga umefunga. Ulinzi uko kwenye mlango kuliko kwenye picha ya sketi iliyobandikwa juu yake. Hata hivyo kwa uwanja kama Leidseplein saa tisa usiku, penye walevi, mimi ningetaka na mwanga na mhudumu kabla sijamwambia binti yangu aingie.

Njia nyingine imetoka Denmark, nayo nimeipenda kwa sababu ya ukorofi wake. Mwaka 2019, kwenye tamasha la Roskilde, kilionyeshwa kibanda cha kukojolea cha wanawake kiitwacho Lapee: plastiki ya waridi iliyokolea, nafasi tatu zimepangwa kwa mzunguko, hakina milango, unaingia, unachuchumaa, unatoka kwa sekunde chache. Angalia: ni konokono lile lile la Amsterdam, lakini sasa aliyelichora alianza na mwili uliochuchumaa, akaweka kuta kulingana nao, akainua sakafu ili aliye ndani awe anaona nje bila yeye kuonekana kiuno. Teknolojia haikubadilika. Plastiki ni plastiki. Kilichobadilika ni nani aliyewekwa katikati ya mchoro.

Nami nikikitazama nacheka tena, maana Ulaya imezunguka miaka mia na hamsini ya mabomba kufika kwenye kuchuchumaa. Choo cha shimo cha uswahilini, chenye sehemu mbili za kukanyaga na kopo la maji pembeni, hakijawahi kumuuliza mtu jinsia yake. Kina mapungufu mengine mengi, hasa kwa bibi mwenye magoti mabovu na mama mjamzito wa miezi minane, lakini hilo moja hakina.

Na magoti ya bibi yananirudisha kwa wale ambao kisa cha 2017 kiliwasahau kidogo. Kibanda cha krul hakimfai mwanamke, ni kweli. Hakimfai pia mtu wa kiti cha magurudumu, mtoto wa miaka minne, wala mzee wa kiume aliyebanwa na haja kubwa. Ukihesabu vizuri, kile kinachoitwa choo cha umma kinamhudumia mwanamume mzima wa mwili, mwenye haja ndogo tu. Baada ya dada yule kupiga kelele yake mahakamani, waliofaidika na kelele hizo ni wengi kuliko wanawake peke yao. Madai yake yaliitwa ya kike; ukweli ni kwamba madai ya jiji ndiyo yaliyokuwa ya kiume.

Faini haikufutwa. Kisheria alishindwa. Lakini mwaka 2024, takriban miaka tisa baada ya usiku ule, Jiji la Amsterdam likatangaza kutenga euro milioni 4 kwa ajili ya vyoo zaidi vya umma ambavyo wanawake na watu wa viti vya magurudumu wanaweza kuvitumia. Miaka tisa ni mingi. Mtoto aliyezaliwa usiku wa faini alikuwa tayari anasoma shule ya msingi.

Kama ningekuwa mtu wa kuulizwa maoni juu ya hizo milioni nne, nisingeanza na idadi wala rangi. Choo chenye mlango kina udhaifu ambao konokono la chuma halina: kinaweza kufungwa. Mhudumu anakwenda nyumbani saa nne usiku, anatia kufuli, na daftari la jiji linaendelea kukihesabu kana kwamba kiko wazi. Vyoo vyetu vya stendi vinajulikana kwa hilo. Unafika na basi la usiku, umeshika shilingi mia tatu mkononi, unakuta mnyororo mlangoni, na wanaume wa basi lile lile tayari wako nyuma ya ukuta. Dada wa Leidseplein alibanwa saa ambayo baa zimeshafungwa. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa fundi, kabla hajamwaga zege, lingekuwa ufunguo wa mlango huo utakuwa mfukoni mwa nani saa tisa usiku.